Hesabu siku za kufua, si siku za safari

Barua za nguo za safari zimetujia nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua sita zinazowafaa wengi, kuanzia anayekwenda Kabale hadi anayevuka bahari. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu hesabu yake inatumika katika zote.

Kabale na Moroto kwa begi moja

*Mhariri, mimi ni afisa ugani. Mwezi ujao nitakaa Kabale siku 4, nirudi kulala nyumbani Kampala usiku mmoja tu, kisha nielekee Moroto kwa siku 7. Kuna mikutano ya ofisini na kuna siku za shambani. Safari iliyopita nilibeba begi la magurudumu la kilo 18. Nusu ya nguo zilirudi bila kuvaliwa, na bado usiku wa Kabale nilitetemeka. Nilikosea wapi? (Afisa ugani, Ntinda)*

Ndugu afisa, kosa lilianza kabla hujafungua kabati. Ulihesabu siku za safari ukabeba nguo za siku hizo. Anayesafiri mwepesi huhesabu siku zinazopita kati ya kufua na kufua. Ukifua kila baada ya siku 3, unahitaji nguo za siku 3, moja ya kuvaa wakati zile zinakauka, na moja ya dharura, maana mvua haina miadi. Jumla ni 5. Mashati 5 yatakutosha siku 12, na yangekutosha hata siku 40.

Kati ya hayo 5, mawili yawe ya kola na mikono mirefu kwa ajili ya ofisi. Mikono hiyohiyo itakukinga na jua la Karamoja, eneo ulipo mji wa Moroto, na mbu wa jioni. Moja liwe la kola na mikono mifupi, na mawili yawe fulana ambazo utazivaa peke yake shambani au ndani ya shati kukiwa na baridi. Suruali zitoshe 3, moja ukiwa umeivaa, kwa kuwa suruali haifuliwi kila siku. Chupi ziwe 6 na soksi jozi 4. Ongeza sweta moja nyepesi, koti moja jembamba la kuzuia upepo na mvua, bukta ya kulalia, na kipande cha kitenge cha yadi 2. Kitenge hicho kitakuwa shuka, taulo, pazia la dirisha la gesti na kifuniko cha kichwa vumbi likizidi, na uzito wake ni kama robo kilo. Viatu jozi 2: vya kufunika umevivaa, sapatu au ndala ziko begini. Mzigo wote hautafika kilo 7 pamoja na sabuni na mswaki, na utaingia katika begi la mgongoni la lita 40.

Sasa rangi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kila nguo ya juu lazima ipatane na kila nguo ya chini. Mashati 5 kwa suruali 3 ni mavazi 15. Ukileta suruali moja yenye maua inayokubali mashati 2 tu, umebaki na 12, na mashati 3 yamepoteza mwenzao. Suruali ziwe kaki, kijivu na buluu iliyokoza. Maua na mistari viache kwenye mashati. Nyeusi tupu hatuipendekezi kwa Moroto: vumbi huonekana juu yake upesi kuliko juu ya kaki, na jua huifanya iwake. Nyeupe nayo itakutesa, na tutaeleza hapa chini kwa nini.

Jinzi iache. Jinzi moja ina uzito wa gramu 700 hivi, karibu sawa na mashati 3, na ikilowa katika mvua za Kabale inaweza kushinda siku mbili haijakauka kiunoni na kwenye mifuko. Suruali ya pamba nyepesi iliyochanganywa na poliesta kidogo ukiifua jioni utaivaa asubuhi. Soma lebo iliyo upande wa ndani: poliesta ikiwa kati ya asilimia 30 na 50, nguo itakauka upesi na haitakunjamana sana. Ikizidi hapo, joto la mchana litakufanya utoe jasho, na harufu yake haitoki kirahisi.

Kwa nini ulitetemeka? Mji wa Kabale uko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na Kampala mita 1,200 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo mchana wa Kabale umepungua karibu nyuzi 5, na usiku unaweza kufika nyuzi 10. Huenda ulibeba jaketi moja nene. Jaketi hilo mchana ni mzigo, na usiku linabaki peke yake juu ya shati lenye jasho la mchana. Joto la mwili hushikwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Fulana kavu, shati, sweta na koti la upepo vikivaliwa pamoja vinazidi jaketi, na asubuhi unavua kimojakimoja jua linapopanda. Neno la kukazia ni kavu. Fulana ya pamba uliyoshinda nayo itakupa baridi hata ukiifunika kwa sweta mbili, kwa sababu unyevu unaokauka mwilini huondoka na joto. Ibadilishe kabla jua halijatua.

Kufua kwenyewe kuna utaratibu. Kabale usianike nje usiku, kwa sababu ukungu wa alfajiri utazilowesha upya. Fua jioni mapema, kamua, tandaza taulo kavu kitandani, laza shati juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kanyaga au kalia mkunjo huo kwa dakika moja. Taulo litanyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyatoa. Tundika ndani karibu na dirisha lililo wazi kidogo, kola juu, nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Kamba ya mita 3 na vibanio 6 vinaingia kwenye soksi moja, kwa hiyo usiviache.

Moroto mambo ni kinyume. Hewa ni kavu, mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na nguo iliyoanikwa saa mbili asubuhi iko tayari kabla ya saa sita. Kinachokosekana ni maji. Ukiwa na lita 5 tu, anza na nguo za rangi nyepesi, maji hayohayo yafue suruali, na soksi ziwe za mwisho. Suuza mara mbili kwa maji machache badala ya mara moja kwa mengi, kwa kuwa sabuni inayobaki kwenye nguo ndiyo inayovuta vumbi na kuwasha ngozi. Sabuni ya mche inafaa kuliko ya unga: unaipaka penye uchafu tu, kwenye kola, kwapa na pindo, na haihitaji maji mengi kuiondoa.

Vumbi jekundu la murramu lina madini ya chuma. Nguo ikiwa kavu, likung'ute na kulisugua kwa brashi kwanza. Ukilitia maji kabla, linageuka tope linalozama kati ya nyuzi. Kisha loweka katika maji baridi yenye sabuni kwa nusu saa. Dawa ya klorini ya kung'arisha usiiguse: haiondoi doa la chuma na huweza kulishikiza zaidi. Doa likibaki kwenye nguo nyeupe, lipake maji ya ndimu na chumvi, liache juani saa moja, kisha suuza. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza sehemu iliyojificha.

Usiku ule mmoja wa Kampala ni hazina, basi uitumie. Acha sweta nyumbani, bwaga nguo chafu za Kabale, chukua safi. Koti la mvua libaki nalo begini.

Gomesi ifike Masaka bila mikunjo

*Wapendwa wahariri, mimi na mume wangu tumealikwa kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, huko Masaka, tutatoka Busia kwa basi na kubadilisha Kampala. Mara ya mwisho gomesi yangu, lile gauni refu la sherehe, ilifika imekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, na kanzu ya mume wangu ikaonyesha suruali ya ndani mbele za watu. Jumatatu yake ana kikao Kampala. Tufanyeje tusibebe masanduku mawili? (Mama wa watoto watatu, Busia)*

Mama, usisafiri ukiwa umeivaa. Kiti cha basi kwa saa nyingi huifanya nyuma iwe na mikunjo ambayo pasi ya haraka haiiwezi. Vaa gauni la kawaida na leso, gomesi iingie begini hivi.

Toa bruchi na pini zote, funga vifungo viwili vya shingoni upande wa kushoto, uilaze kifudifudi kwenye kitanda safi. Yale mabega yaliyochongoka ndiyo roho ya gomesi na ndiyo yanayovunjika kwanza, basi yajaze kwa soksi safi au karatasi laini hadi yasimame yenyewe. Kunja pande mbili za kitambaa kuelekea katikati hadi upana ulingane na begi. Tandaza kile kikoi cha ndani juu yake kiwe kama mto, halafu zungusha kuanzia pindo la chini kwenda mabegani, polepole, bila kukaza. Ukianzia juu, mabega yatabanwa katikati ya mzingo. Mkanda wa kiunoni usiukunje: uzungushe peke yake juu ya kitu cha mviringo, kwa sababu mkunjo wa mkanda huonekana kuliko wa nguo nzima. Mzigo huo uwe wa mwisho kuingia begini na wa kwanza kutoka, na begi lipande nawe ndani ya basi. Usilitie kwenye buti, ambako gunia la mtu mwingine litalikalia hadi Kampala.

Mkifika, itundike kabla ya kukaa hata kunywa chai. Ikiwa bado ina mikunjo, itie kwenye bafu dogo pamoja na ndoo ya maji ya moto sana, funga mlango dakika 20, kisha ipitishe viganja kutoka juu kwenda chini. Gomesi nyingi za siku hizi zina poliesta inayong'aa, nayo pasi kali huiyeyusha au kuitia alama isiyofutika. Piga pasi upande wa ndani, joto la chini, kitambaa chembamba chenye unyevu kikiwa katikati. Kama iliyopo ni pasi ya mkaa, ipeperushe majivu nje kwanza, ifute chini kwa tambara, na uijaribu kwenye pindo la ndani.

Kwa baba, koti moja la buluu iliyokoza au kijivu litafanya kazi mbili: juu ya kanzu siku ya kwanjula, na juu ya suruali katika kikao cha Jumatatu. Lisikunjwe kama shati. Ingiza mkono ndani ya bega moja uligeuze kinyumenyume, bega la pili liingie ndani ya lile la kwanza, bitana ikae nje, kisha likunje mara moja tu katikati ukiweka fulana kwenye mkunjo. Chini ya kanzu avae fulana nyeupe na suruali ndefu nyepesi ya rangi ya maziwa. Bukta ya rangi iliyokoza ndiyo iliyomwaibisha, kwa kuwa kanzu nzuri ni nyembamba na jua la alasiri halifichi kitu. Viatu vyake viwe jozi moja tu, vyeusi vya ngozi, na kitambaa cha kuvifutia.

Koti la mabaka na mbung'o wa Murchison

*Nimepata kazi ya kuendesha gari la wageni kwenda hifadhi ya Murchison. Nimenunua koti zuri la mabaka ya kijeshi kwenye mivumba, yaani mitumba, na nina jinzi mbili za buluu na fulana nyeusi. Nahitaji kuongeza nini? (Dereva, Bweyale)*

Kijana, usiongeze, punguza. Koti hilo lisipande gari. Sheria ya Uganda hairuhusu raia kuvaa sare za kijeshi wala nguo zinazofanana nazo, na kwenye kizuizi cha barabarani hakuna atakayekusikiliza ukisema ni la mitumba. Waonye na wageni wako, kwa kuwa kwao huenda nguo hizo ni mtindo tu.

Jinzi za buluu na fulana nyeusi nazo zibaki nyumbani. Buluu na nyeusi ndizo rangi zinazomvuta mbung'o. Vile vitambaa vya buluu na nyeusi unavyoviona vimetundikwa kando ya barabara za hifadhi ni mitego yake, na dereva aliyevaa rangi hizo anakuwa mtego unaotembea. Dawa za kupaka za mbu hazimzuii sana, na fulana nyembamba huidunga moja kwa moja. Vaa kaki au kahawia nyepesi, shati la mikono mirefu lenye kitambaa kizito kidogo kilichofumwa kwa kukaza, likiwa pana ili lisigande mgongoni. Mashati 4 na suruali 2 zinakutosha kwa juma ukifua kila siku 2.

Wageni wakitaka kuona gorila wa msitu wa Bwindi baada ya hapo, waambie wawe na glovu za kazi, suruali ya kuchomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na mimea inayowasha, na koti la mvua hata kama asubuhi anga ni jeupe.

Majipu yaliyotokana na nguo

*Tulisafiri kwa mama mkwe kijijini wiki mbili. Nilifua nguo za mtoto nikazianika kwenye majani kwa kuwa kamba ilijaa. Baadaye mtoto alitokwa na majipu kiunoni, na daktari akatoa mabuu. Tunarudi Desemba. Nibebe nguo za aina gani? (Mama, Luwero)*

Pole sana kwa mtoto, mama. Huyo ni yule nzi anayeitwa nzi wa maembe. Hutaga mayai kwenye udongo wa kivulini na kwenye nguo mbichi. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, mabuu hujificha kwenye nguo, na ngozi ikiigusa nguo hupenya bila mtu kuhisi. Ndiyo maana majipu huanzia kiunoni na mgongoni, palipo na lastiki na mishono.

Kinga ni pasi ya moto, pande zote mbili, ukikaa zaidi kwenye mishono, lastiki, mifuko na kola. Nguo za mtoto za safari hii basi zichaguliwe kwa sifa hiyo: pamba inayostahimili pasi kali. Tulimshauri afisa ugani avae nguo zenye poliesta. Kwa mtoto anayekwenda kukaa kijijini tunageuza, kwa sababu poliesta haivumilii moto unaohitajika. Beba chupi 8, fulana 6, bukta au sketi 4, na nepi za kitambaa zihesabiwe hivyohivyo, ziongezwe 2 zaidi ya kawaida ili usilazimike kumvisha nguo ambayo haijapita pasi. Shuka na taulo navyo vipigwe pasi.

Anika juani kwenye kamba iliyo juu, mbali na mwembe na mbali na majani, na uziingize ndani kabla ya jioni. Mvua ikinyesha, kamba iwe chumbani au ndani ya chandarua. Nguo isiyoweza kupigwa pasi iweke kando kwenye mfuko uliofungwa kwa wiki 2 kabla ya kuvaliwa. Mabuu wasiopata ngozi hufa. Kamba ya mita 10 beba yako.

Mitandio tisa na mabaibui matano

*Assalaam alaykum. Nasoma Mbale, nyumbani ni Arua. Kila likizo nabeba mabaibui matano na mitandio tisa, na basi la usiku linaniumiza. Nipunguze vipi bila kukosa stara? (Mwanafunzi, Mbale)*

Wa alaykum salaam, binti. Magauni marefu 3 na mitandio 4 yanakupa mavazi 12, mradi ufuate kanuni moja: ua likiwa kwenye mitandio, magauni yote yawe tupu, magauni yakiwa na ua, mitandio yote iwe tupu. Baibui moja jeusi la krepu lisilokunjamana liwe la safari na la mwaliko. Magauni mawili yawe ya pamba nyepesi, kwa kuwa joto la Arua mwezi wa Januari halivumiliki ndani ya poliesta kutwa. Mitandio 3 iwe ya jezi, kile kitambaa laini kinachovutika: haihitaji pasi, haitelezi, na ukiizungusha inakuwa na ukubwa wa ngumi. Wa 4 uwe wa shifoni kwa siku za heshima, pamoja na kofia yake ya ndani ya pamba, bila hiyo utashinda unaurudisha kichwani. Shifoni isikamuliwe, ibonyeze ndani ya taulo.

Chini ya gauni vaa suruali nyembamba ya pamba, 2 zinatosha. Zinazuia mapaja kusuguana, na zinakustiri unapopanda boda upepo ukivuma. Leso moja iwe mkeka wa swala na blanketi ya basi. Pini zitie kwenye kisanduku kidogo cha sabuni, maana pini iliyopotea begini hupatikana kwa kidole.

Januari Leeds, kilo 23

*Mimi ni muuguzi, nakwenda Uingereza kusoma, Leeds, mwezi wa Januari. Naruhusiwa begi la kilo 23 na dogo la mkononi. Ndugu wananishauri ninunue sweta nzito kumi. Je, ni sawa? (Muuguzi, Mbarara)*

Dada muuguzi, sweta 10 zitajaza begi zima na hazitakuzuilia upepo hata kidogo. Januari huko mchana mara nyingi haufiki nyuzi 10, usiku hukaribia sifuri, na kuna manyunyu mengi na upepo. Lakini ndani ya nyumba, madarasa na mabasi kuna joto. Kwa hiyo unahitaji nguo za kuvua na kuvaa mara kumi kwa siku.

Fulana za ndani za mikono mirefu 3, za sufu nyembamba au poliesta, si pamba, kwa sababu ile ile ya Kabale: jasho likibaki kwenye pamba, ukitoka nje litakuwa barafu. Mashati na blauzi zako za hapa 5, zitakaa katikati. Sweta 2 za sufu. Koti 1 refu la kufika mapajani, lenye kofia na linalozuia upepo. Suruali 3, taitsi nzito 2 za kuvaa ndani, soksi nene jozi 4, glovu, skafu, kofia ya kufunika masikio. Nguo moja ya kitenge au gomesi uibebe, watu wa nyumbani hukutana kwenye harusi huko pia. Mashuka, mablanketi na taulo nene acha.

Koti hilo lipo soko la Owino, Kampala, na mara nyingi kwa bei nafuu, kwa kuwa mivumba hutoka nchi za baridi na hapa makoti mazito yana wateja wachache. Likague bila haraka. Livae juu ya sweta, unyooshe mikono mbele: likibana mgongoni, liache. Zipu ipande na kushuka mara 3 bila kukwama. Pindua bitana uangalie kwapa na mifuko. La manyoya ya ndege libonye kwa kiganja. Zuri huvimba tena mara moja, na lililofanya madonge ndani halitakupa joto. La sufu lisome lebo, na usilifue kwa maji ya moto, litarudi la mtoto.

Viatu viwe na soli nene yenye meno, na nafasi ya kutosha soksi nene. Kiatu kinachobana hutia baridi kuliko kilicho wazi kidogo, kwa kuwa kinafukuza hewa na kuzuia damu isishuke vidoleni.

Siku ya safari vaa viatu vizito na ulibebe koti mkononi kuanzia Entebbe. Ulichovaa kwa kawaida hakipimwi kwenye mizani, na hapo umeokoa zaidi ya kilo 2. Usilitie koti kwenye begi kubwa hata kama Entebbe kuna joto. Begi hilo likichelewa kwenye kubadilisha ndege, utatoka nje ya uwanja ukiwa na blauzi. Katika begi la mkononi weka fulana moja ya ndani, chupi 2, soksi jozi 1, sweta moja, vyeti vyako na dawa. Mafuta na losheni ziwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha vilivyomo.